Waliitwa, sasa wanahesabiwa: Kanada na wakaazi wake wa muda

Tarehe 21 Machi 2024, Marc Miller, aliyekuwa Waziri wa Uhamiaji wa Kanada, alitangaza mjini Ottawa jambo ambalo nchi hii haikuwahi kulifanya: kuwawekea kikomo wakaazi wa muda. Kwa hesabu iliyokuwa mezani siku ile, walikuwa asilimia 6.2 ya watu wote nchini. Miller akataka washuke hadi asilimia 5 ndani ya miaka mitatu. Tangu hapo hiyo asilimia 5 haijatulia. Imo bungeni, imo redioni, imo kwenye kampeni, na imo kwenye magrupu yetu ya WhatsApp ya Watanzania, Wakenya na Wakongo wa Ontario, ambako mtu anatuma picha ya habari saa tano usiku na kuuliza, "Jamani, hii inanihusu?"

Naishi Hamilton, mji wa viwanda vya chuma kando ya Ziwa Ontario, mwendo wa saa moja hivi kutoka Toronto. Nilikuja kusoma, nikamaliza, nikafanya kazi, nikapata ukaazi wa kudumu wakati njia hiyo bado imenyooka. Jumamosi huwa nasaidia watu kujaza fomu kwenye ukumbi wa kanisa. Wengi wanaokuja ni wazungumzaji wa Kiswahili, na wote serikali inawaita jina moja. Yupo kijana wa Moshi aliyemaliza stashahada na sasa anabeba boksi kwenye ghala. Yupo dereva wa lori kutoka Nakuru ambaye kibali chake kimetaja mwajiri mmoja tu. Yupo mama wa Uvira aliyekimbia vita, akasikilizwa, akakubaliwa kuwa ni mkimbizi. Ukimwongeza Mjamaika anayechuma nyanya Leamington kila msimu, umepata "wakaazi wa muda". Serikali inawajumlisha, inagawanya kwa idadi ya watu wa nchi nzima, inatoa asilimia, na mjadala unaanzia hapo kana kwamba ni watu wa namna moja waliokuja kwa sababu moja.

Mimi nina jambo moja la kusema. Watu hawa hawakujileta. Waliitwa, tena kwa sauti kubwa, na serikali za mikoa, na vyuo, na waajiri, na Ottawa yenyewe, yaani serikali kuu. Nchi ina haki ya kuamua inapokea watu wangapi. Hilo silipingi hata kidogo. Lakini kama inataka kupunguza, ianzie mlangoni, si kwa waliokwisha kuingia na kufanya kila walichoambiwa.

Tuanze na vyuo, maana huko ndiko fedha zilikokuwa. Mwaka 2019 serikali ya mkoa wa Ontario chini ya Doug Ford ilipunguza ada za wanafunzi wa nyumbani kwa asilimia 10, kisha ikazifungia hapo. Wazazi wa Kikanada walifurahi, na nani asingefurahi? Ila mkoa haukuziba pengo. Vyuo vikaambiwa, kwa vitendo, vijitafutie. Vikajitafutia nje. Mkaguzi mkuu wa hesabu wa Ontario alieleza mwaka 2021 kwamba wanafunzi wa kimataifa walikuwa karibu asilimia 30 ya wanafunzi wa vyuo vya umma vya kati, lakini walichangia asilimia 68 ya mapato yote ya ada. Soma tena hizo namba mbili. Theluthi ndogo ya darasa ilikuwa inalipia theluthi mbili za chuo. Kwenye vyuo vikuu, shahada ya kwanza imefika wastani wa zaidi ya dola 40,000 kwa mwaka kwa mgeni, wakati mwenyeji analipa kama 7,000.

Na Ottawa ilikuwa inaita kwa njia zake. Mfumo wa kuomba ukaazi wa kudumu unaitwa Express Entry, na unakwenda kwa alama: umri, elimu, lugha, uzoefu wa kazi. Kwa kawaida wakati ule ulihitaji alama zaidi ya 400. Tarehe 13 Februari 2021, mipaka ikiwa imefungwa kwa ajili ya korona na serikali ikitaka kutimiza lengo lake la mwaka, iliwaalika watu 27,332 kwa mpigo, wenye uzoefu wa kazi wa hapa, wengi wao wakiwa tayari ndani ya nchi, kwa alama 75. Sabini na tano. Mei mwaka huohuo ikafungua njia maalumu ya nafasi 90,000 kwa wakaazi wa muda. Nafasi 40,000 za waliohitimu zikajaa kwa takriban siku moja. Mzazi wa Dar es Salaam au Nairobi aliyekuwa anasikia habari hizi kwa shangazi au binamu, angeelewa nini? Angeelewa kile nilichoelewa mimi na kila mtu: mpeleke mtoto, asome, afanye kazi mwaka mmoja, watamchukua.

Aprili 2022 waajiri wakaruhusiwa kuongeza wafanyakazi wa muda wa mishahara ya chini kutoka asilimia 10 ya wafanyakazi wao hadi 20, na sekta nyingine hadi 30. Novemba 2022 kikomo cha saa 20 za kazi kwa wiki kwa wanafunzi kikaondolewa, kwa maelezo ya wazi kabisa kwamba nchi ina uhaba wa wafanyakazi. Februari 2023, ili kupunguza mlundikano wa maombi ya viza za matembezi, idara ya uhamiaji ikaamua kwamba maombi yaliyokuwa yamelala kwenye foleni yasiulizwe tena kama mwombaji ana fedha za kutosha wala kama ataondoka. Wakenya wengi tunaowaona Toronto leo waliingia kwa viza za mwaka ule.

Matokeo yake kila mtu anayajua. Tarehe 16 Juni 2023 Kanada ilifikisha watu milioni 40. Mwaka ule mmoja idadi iliongezeka kwa karibu milioni 1.27, asilimia 3.2, kasi ambayo haikuonekana tangu 1957, na zaidi ya 800,000 kati yao walikuwa wa muda. Wanafunzi wenye vibali walipita milioni moja. Kisha upepo ukageuka. Januari 2024 vibali vya masomo vikawekewa ukomo wa takriban 360,000 kwa mwaka. Kiwango cha fedha ambacho mwanafunzi lazima aonyeshe, mbali na ada na nauli, kilishapandishwa kutoka dola 10,000 hadi 20,635. Vibali vya kazi vya wake na waume wa wanafunzi vikabanwa. Oktoba 2024 mpango wa wakaazi wa kudumu nao ukakatwa: badala ya 500,000 zilizopangwa kwa 2025, zikawa 395,000. Justin Trudeau, Waziri Mkuu wa wakati ule, akakiri kwamba serikali yake haikuweka mizani sawa. Mwezi uliofuata akatoa video akilaumu vyuo bandia na makampuni makubwa yaliyotumia mfumo vibaya. Alichosema kuhusu hao kilikuwa kweli. Lakini makampuni yale yalipewa ruhusa, na ruhusa ina saini.

Kijana wa Moshi nimemtaja, nimweleze kidogo. Nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike. Alifika Septemba 2021. Baba yake aliuza sehemu ya kihamba, shamba la ukoo, na mtu wa Kilimanjaro akikwambia kihamba kimeuzwa, ujue ukoo umekaa kikao na watu wamelia. Alisoma miaka miwili, akafaulu, akapata kibali cha kazi cha baada ya masomo cha miaka mitatu, kile ambacho hakiongezwi. Kinaisha mwaka huu. Anafanya kazi usiku kwenye ghala, anapanga mizigo, anasimamia watu wanane. Msimamizi wake anamtaka abaki.

Alinikabidhi kibali chake nikisome. Ni karatasi ya kawaida, ukubwa wa karatasi ya mtihani, ina picha yake, na chini kwenye masharti kuna mstari wa herufi kubwa unaosema lazima aondoke Kanada kufikia tarehe fulani. Ameikunja mara nyingi mpaka mkunjo umepita juu ya tarehe yenyewe. Karatasi hiyo ndiyo inayobeba kila kitu kingine. Namba yake ya SIN, ile ya kufanyia kazi na kulipia kodi, inaanza na 9, kama za wakaazi wote wa muda, na inaisha siku ileile kibali kinapoisha. Mwajiri yeyote akiiona ile 9 anajua papo hapo anazungumza na nani. Kadi ya bima ya afya ya mkoa inafuata kibali. Mkopo wa gari anaulizwa kibali. Mwenye nyumba naye anataka kukiona.

Alama zake ni 487. Mwaka 2025 wenye uzoefu wa kazi wa Kanada walialikwa kwa alama zaidi ya 500, kila mara. Machi 2025 alama 50 zilizokuwa zinatolewa kwa mwenye ofa ya kazi zikafutwa, kwa sababu karatasi za ofa, zile za LMIA, yaani idhini ya serikali ya kumwajiri mgeni, zilikuwa zinauzwa kwa maelfu ya dola. Biashara hiyo ilikuwepo, naijua, na ni unyang'anyi. Ila kijana huyu hakununua kitu. Ofa yake ni ya kweli, na alama zake zimekwenda pamoja na za wezi. Ameshavuka miaka 30, kwa hiyo kila siku ya kuzaliwa inamkata alama nyingine. Njia iliyobaki wazi ni Kifaransa. Machi 2025 wenye Kifaransa kizuri walialikwa kwa alama 379, tena 7,500 kwa siku moja. Ndugu zetu wa Bukavu, Goma na Bujumbura hapo wametuzidi, na hongera yao. Kijana wa Moshi sasa anasoma Kifaransa kwenye simu wakati wa mapumziko ya saa nane usiku.

Kwa mzazi anayenisoma kutoka nyumbani na yuko kwenye mazungumzo ya kuuza kitu: sikukatazi. Bado kuna vyuo bora hapa na watoto wetu wanafanya vizuri. Lakini uliza maswali ambayo wakala hapendi kuulizwa. Je, kozi hiyo inampa mhitimu kibali cha kazi? Tangu Novemba 2024 kozi nyingi za vyuo vya kati hazitoi kibali hicho isipokuwa ziwe kwenye fani zilizoorodheshwa, na vyuo binafsi vinavyofundisha kwa mtaala wa kukodi kutoka chuo cha umma vilikuwa vimeshatolewa kabisa. Mtoto ataruhusiwa kufanya kazi saa 24 tu kwa wiki wakati wa masomo, kwa hiyo usimwambie atajilipia ada mwenyewe. Hesabu hiyo haikubali. Na wakala akisema PR, yaani ukaazi wa kudumu, ni uhakika, mwombe aiandike kwenye risiti na aweke sahihi.

Sasa nyumba. Hapa sitaki kuwakwepa Wakanada wenye hasira, maana wana hoja, na mimi nalipa kodi ya nyumba kama wao. Utafiti wa taasisi ya Environics ulionyesha mwaka 2022 kwamba asilimia 27 ya Wakanada waliona wahamiaji ni wengi mno. Mwaka uliofuata ikawa 44. Mwaka 2024 ikawa 58. Nchi iliyokuwa inajisifu kwa ukarimu iligeuka ndani ya miaka miwili, na waliojibu hivyo wengi hawakutaja rangi wala dini. Walitaja nyumba, gharama za maisha, na serikali kushindwa kupanga. Mwaka 2023 watu waliongezeka milioni moja na robo, na nyumba zilizoanza kujengwa nchi nzima zilikuwa takriban 240,000. Hutaki profesa kukueleza kitakachotokea. Nimeingia kwenye besimenti ya nyumba moja hapa jirani, madirisha mawili ya usawa wa majani, magodoro saba, na kila mmoja analipa dola 600. Wote walikuwa wanafunzi. Mpangaji Mkanada mwenye mtoto mmoja atashindanaje na dola 4,200 za besimenti?

Hata hivyo, bei za nyumba hazikuanza kupaa na wanafunzi. Zilipaa zaidi mwaka 2020 na 2021, mipaka imefungwa na wageni hawaingii, riba ya benki kuu ikiwa robo ya asilimia moja. Kufikia Februari 2022 bei ya wastani ya nyumba ilikuwa imepita dola 800,000. Vibali vya wageni vilipofunguliwa, mbio zilikuwa zimeshaanza. Kodi za kupanga ndizo zilizosukumwa na wageni, na kweli zimeanza kushuka baada ya vibali kukatwa. Nakubali hivyo bila kinyongo. Ninachokataa ni mtu kusimama jukwaani na kumwonyesha kidole aliyelalia godoro la saba, huku mwenye besimenti, chuo kilichompokea bila kumjengea bweni, na mkoa uliofungia ada, wote wamekaa viti vya mbele.

Na kukata nako kuna bei yake. Julai 2025 ilielezwa na chama cha wafanyakazi OPSEU kwamba takriban kazi 10,000 za vyuo vya Ontario zimepotea au ziko njiani kupotea. Kozi zimefungwa, nyingine za watoto wa hapahapa. Kati ya Julai na Oktoba 2025 idadi ya watu wa Kanada ilipungua kwa zaidi ya 76,000, karibu yote kwa sababu ya wakaazi wa muda kuondoka au vibali vyao kuisha. Waliokuwa zaidi ya milioni 3 mwaka mmoja kabla wakawa kama milioni 2.85, asilimia 6.8. Bado ni juu ya ile 6.2 ya Miller, kwa kuwa baada ya tangazo lake asilimia ilizidi kupanda kabla ya kuanza kushuka.

Wafanyakazi wa mashambani siwajui kwa karibu kama ninavyowajua wanafunzi, kwa hiyo nitasema kwa ufupi. Mpango wao ulianza 1966 na wanaume 264 kutoka Jamaika. Miaka sitini imepita na bado mtu anakuja hadi miezi minane, anarudi, anakuja tena, anaweza kufanya hivyo robo karne na asiwe mkaazi. Kibali chake kimefungwa kwa mwajiri mmoja anayempa pia pa kulala. Mwaka 2023 mtaalamu wa Umoja wa Mataifa, Tomoya Obokata, alizuru na kusema mpango wa wafanyakazi wa muda wa Kanada ni mahali panapozalisha utumwa wa kisasa. Yule dereva wa Nakuru, alipozuiliwa malipo ya saa za ziada, alinyamaza miezi, kwa kuwa kulalamika ni kuhatarisha karatasi. Tangu 2019 ipo nafasi ya kuomba kibali cha wazi kwa anayenyanyaswa kazini. Ipo, lakini lazima uthibitishe, kwa Kiingereza cha fomu, ukiwa bado unalala kwa huyohuyo unayemshtaki.

Septemba 2025 Pierre Poilievre, kiongozi wa upinzani, alitaka mpango wa wafanyakazi wa muda ufutwe, akitaja vijana wa Kikanada wasio na ajira. Na kweli ukosefu wa ajira kwa vijana kiangazi kile ulipita asilimia 14. Mimi nasema mwajiri anayempenda mgeni kuliko kijana wa hapa, mara nyingi anapenda kile kifungo kwenye kibali. Mfungue huyo mgeni, awe huru kwenda kwa mwajiri mwingine, uone kama bado atapendwa kwa mshahara uleule. Hilo ndilo lingewasaidia vijana wote wawili. Katika kelele zote za kampeni silisikii likisemwa kwa sauti.

Wakimbizi ndio wanaoniuma zaidi. Kiangazi cha 2023 niliwaona kwa macho yangu Mtaa wa Peter, katikati ya Toronto, wamelala kando ya barabara nje ya ofisi ya kupangiwa malazi. Jiji na serikali kuu walikuwa wanavutana nani alipe. Uliposogea ulisikia Kiswahili cha Nairobi, Kiganda, lugha za Eritrea. Waliowaondoa pale ni makanisa ya Waafrika na watu weusi wa kaskazini magharibi mwa jiji, waliotandika magodoro kati ya viti vya ibada na kupika ugali kwa mamia. Februari 2024, Mississauga, mama mmoja Mkenya aliyekuwa amefika karibuni alifariki baada ya kusubiri nje, kwenye baridi, apate nafasi kwenye makazi ya muda. Alikuwa ameacha watoto nyumbani. Wakenya wa hapa walichanga mwili ukarudi. Wiki hiyohiyo redio ilikuwa inajadili asilimia.

Turudi kwa mama wa Uvira. Bodi ya Wakimbizi ilimsikiliza, ikamwamini, ikampa barua ya kumkubali. Sheria inasema anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, yeye na watoto wake watatu waliobaki Bujumbura kwa dada yake. Ameomba. Tatizo ni kwamba kila mwaka serikali inapanga nafasi ngapi za ukaazi wa kudumu ziende kwa waliokubaliwa, na nafasi hizo ni chache kuliko watu, kwa hiyo foleni imekuwa ya miaka. Muda wote huo, kwenye takwimu, yeye ni wa muda. Yumo kwenye ile asilimia inayotakiwa ipungue. Nilipomweleza alinitazama. "Dada, walisha nikubali. Walinipa barua. Sasa miye ni wa muda namna gani?" Mtoto wake mkubwa alikuwa na miaka 11 alipomwacha. Sasa ana 16, na ameanza kukataa kuongea kwenye simu.

Ndiyo maana hiyo asilimia inanisumbua. Inaweza kushuka kwa njia mbili. Mtu akifungasha akaenda zake, inashuka. Mtu akipewa ukaazi wa kudumu, inashuka vilevile. Ukimpa mama wa Uvira kadi yake kesho, Kanada inakuwa na mkaazi wa muda mmoja pungufu, na watoto watatu wanalala na mama yao. Serikali inalijua hili. Bajeti ya Novemba 2025 ya Waziri Mkuu Mark Carney ilitenga nafasi kwa takriban watu 115,000 wa aina yake kwa miaka miwili, na nyingine 33,000 kwa wenye vibali vya kazi. Kwa 115,000 nashukuru, nasema wazi. Ila bajeti hiyohiyo iliweka wanafunzi wapya 155,000 tu kwa 2026, na ukaazi wa kudumu ukabaki 380,000 kwa mwaka, wakati wenye vibali vya kazi walioko nchini ni zaidi ya milioni moja. Huku muswada uliopelekwa bungeni Juni 2025, ukarudi kwa sura nyingine Oktoba, ulilenga kuwafungia njia ya Bodi wanaoomba hifadhi baada ya mwaka mmoja tangu waingie. Anayejua hali ya mashariki mwa Kongo anajua kwamba mtu anaweza kuja mwanafunzi mwaka huu, na mji wake ukatekwa mwaka wa pili.

Waafrika tuna sababu nyingine ya kushangaa tunapoambiwa mlango ulikuwa wazi mno. Kwetu haukuwa hivyo. Ile njia ya haraka ya viza za wanafunzi iliyofutwa Novemba 2024 haikuwahi kuwafikia Watanzania wala Wakenya. Mwaka 2021 ripoti iliyoagizwa na idara yenyewe ya uhamiaji ilieleza kwamba baadhi ya watumishi walikuwa wakiziita nchi kadhaa za Afrika "thelathini chafu". Na barua za kukataliwa, nimezisoma nyingi, zina sentensi ileile: afisa hajaridhika kwamba utaondoka Kanada mwisho wa muda wako. Wakati huohuo sheria ya uhamiaji, kifungu cha 22, inasema wazi kwamba nia ya kutaka kuwa mkaazi wa kudumu siku moja haimzuii mtu kupewa ukaazi wa muda, mradi afisa aridhike kwamba ataondoka muda wake ukiisha. Waliotunga sheria walijua watu watakuja na nia zote mbili. Vyuo vilijua pia, vikaitangaza nia ya pili kwenye vipeperushi.

Nchi hii ikitaka inaweza. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90, maafisa wa Kanada walifungua ofisi Kampala, wakafanya kazi usiku na mchana, na ndege ya kwanza ikatua Montréal mwishoni mwa Septemba. Maelfu walishuka wakiwa wakaazi wa kudumu tangu siku ya kwanza. Arif Virani alikuwa mtoto mchanga kati yao. Alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Naheed Nenshi, aliyekuwa meya wa Calgary na sasa kiongozi wa chama cha NDP Alberta, wazazi wake walitoka Tanzania. Hakuna aliyewauliza watu wale tarehe yao ya kuondoka, na kwa sababu hiyo walinunua maduka, wakasomesha, wakajichanganya. Mtu asiyejua kama Desemba atakuwepo hanunui hata kitanda.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wasomaji mlioko Kanada. Ofisi ya mbunge iko mtaani kwako, na huhitaji kuwa raia ili uingie. Waziri wa Uhamiaji, Lena Metlege Diab, amesema zipo nafasi 33,000 kwa wenye vibali vya kazi, mwaka 2026 na 2027. Nenda umuulize mbunge wako wanachaguliwaje, fomu inafunguliwa lini, na kama msimamizi wa zamu ya usiku kwenye ghala anahesabiwa. Muulize pia kwa nini mtu aliyekubaliwa na Bodi asitolewe kwenye ile asilimia tangu siku anapopewa barua. Ukikutana na msaidizi wake badala yake, mwandikishe jina lako na swali lako, na urudi mwezi unaofuata na watu wawili zaidi.